SEHEMU YA 6: SAHIHI YA MWALIMU

Nimetoka zamu ya usiku, chai iko mezani, usingizi umegoma. Tangu nilipoonyesha lile boksi langu mmenijaza maswali: "Sista, nesi na vitu vya marais wapi na wapi?" Leo nawajibu. Kaeni vizuri, maana nina jambo linanikaa rohoni.

Nilianza na bibi yangu. Tarehe 14 Oktoba 1999, Rais Mkapa alipotangaza kwamba Mwalimu Nyerere amefariki kule London, mimi nilikuwa mtoto wa shule ya msingi. Bibi alizima redio, akaingia chumbani, akatoka na kitambaa kimefungwa fundo. Ndani kulikuwa na shilingi moja ya mwaka 1966, upande mmoja uso wa Mwalimu, upande wa pili mkono umeshika mwenge. Akaniambia, "Hii si ya kununulia kitu." Ndiyo kitu cha kwanza katika boksi langu.

Baadaye, nikiwa na stashahada yangu ya uuguzi na mshahara wangu, nikaongeza kidogo kidogo: stempu, noti za zamani, khanga, magazeti ya ile wiki ya msiba. Na makosa nimefanya. Gazeti moja nililipeleka stesheneri wakalipiga lamineshani, nikajiona mjanja. Kumbe ndiyo nimeliua. Lamineshani ni joto na gundi, haitoki tena, na karatasi ya gazeti inaendelea kuwa njano humo humo ndani. Karatasi ya zamani weka kwenye bahasha safi, mbali na jua na unyevu. Usitie selotepu, usitie pini.

Kitu ambacho sikuwa nacho ni sahihi. Na hapa niwatoe tongotongo: zile sahihi kwenye noti si za rais. Noti za 1966 zina sura ya Mwalimu, lakini waliosaini ni Waziri wa Fedha na Gavana wa Benki Kuu. Ukiuziwa noti ukaambiwa "hii ina saini ya Nyerere", shika pochi yako.

Huko Marekani mambo haya ni biashara kubwa. Mwaka 2012 kitabu cha George Washington, chenye sahihi yake na maandishi yake pembeni mwa Katiba, kiliuzwa mnadani New York kwa zaidi ya dola milioni 9. Lakini wakusanyaji wa huko wanajua pia kwamba jina la rais kwenye karatasi si lazima liwe mkono wa rais. Tangu 1833 sheria iliruhusu katibu kusaini hati za ardhi kwa niaba ya rais. Kennedy naye alikuwa na mashine inayoshika kalamu na kusaini barua. Kwa hiyo wanaangalia kwa lenzi. Na mimi nikanunua lenzi yangu ndogo.

Sasa ndiyo nafika kwa mzee. Nimebadilisha mambo kadhaa ili asitambulike, mnajua miiko ya kazi yetu.

Alilazwa wodi ya wanaume, miguu imevimba, pumzi fupi. Chini ya mto alikuwa na bahasha ya kaki. Kila nikitandika kitanda anaishika kwanza. Usiku mmoja wodi imetulia, nikamwambia, "Shikamoo babu, hiyo ni hati ya shamba nini?" Akacheka. "Marahaba mwanangu. Hii ni barua ya Mwalimu."

Alikuwa mwalimu wa kisomo cha watu wazima. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, naye akiwa kijana akaanza kufundisha jioni chini ya mwembe, kwa taa ya chemli. Miaka michache baadaye akapata barua ya pongezi, jina lake limeandikwa juu, sahihi ya Julius K. Nyerere chini.

Jamani, moyo ulinidunda. Nikamwambia na mimi nakusanya. Akasema, "Basi kesho lete hiyo lenzi yako, uniambie inafaa nini."

Nisichokijua ni kwamba mwanawe alishapata mnunuzi. Dalali mmoja kamwambia sahihi ya kweli ni hela nyingi. Na yule kaka hakuwa na tamaa ya bure. Kila siku alikuwa anahangaika na nauli, chakula cha mgonjwa, na dawa ambazo dirishani zimekosekana.

Kesho yake nikaja na lenzi. Mkono wa mtu ukisaini, kalamu inabonyea hapa, inateleza pale; mstari unakuwa mnene kisha mwembamba, na mistari ikipishana unaona upi umepita juu. Kwenye ile barua hakukuwa na hayo. Wino wa sahihi ulikuwa ule ule wa maneno ya barua, bapa, sawasawa mwanzo hadi mwisho. Imechapwa. Barua moja, nakala nyingi. Kalamu halisi ilikuwa sehemu moja tu, pale lilipoandikwa jina la mzee.

Nikanyamaza. Mzee akaniuliza, "Ni yeye?"

Naomba mnielewe. Kazini tunafundishwa kumwambia mgonjwa ukweli, lakini tunafundishwa pia kuangalia saa na hali yake. Nilifikiria kudanganya. Ningesema "ndiyo babu", angelala vizuri, mwanawe angeuza, mimi ningeendelea na zamu. Lakini kuna mtu angetoa hela yake kwa neno langu.

Nikamwambia, "Babu, barua ni ya kweli, ya wakati ule. Ila sahihi imechapwa, haikuandikwa kwa mkono."

Akaikunja, akaitia kwenye bahasha, akageukia ukutani. Usiku ule hakunisemesha tena. Asubuhi mwanawe akanisubiri koridoni. "Sista, ungenyamaza tu ungepungukiwa nini?" Sikuwa na jibu zuri. Nilimwambia tu kwamba mnunuzi naye angeleta lenzi yake, na siku hiyo aibu ingekuwa ya baba yake. Akaondoka hajaridhika. Mimi nikaenda nyumbani nikalia, siwafichi.

Siku mbili baadaye nikarudi zamu. Mzee akaniita. "Mwanangu, wewe uliangalia upande mmoja tu. Geuza."

Nyuma ya ile karatasi kulikuwa na majina kumi na tisa, kwa penseli na kalamu tofauti. Herufi kubwa, zimepinda, nyingine zimeanza juu zikaishia chini. Akaniambia barua ilipofika aliwapelekea wanafunzi wake, akawaambia hii ni yetu sote, kila mtu asaini. Wote hao kabla ya kisomo walikuwa wakiweka dole gumba. Jina la nne lilikuwa la mama yake mzazi.

Wapendwa, mimi kila wiki nashika mkono wa mtu nikambonyezea kidole kwenye wino ili akubali upasuaji. Najua macho yao wakati ule, jinsi wanavyoangalia pembeni. Nikayatazama yale majina kwa lenzi. Kalamu imebonyea mpaka karatasi imetoboka. Mistari minene na myembamba. Mikono ya kweli, kumi na tisa.

Mzee alitoka wodini akiwa na nafuu. Siku ya kuruhusiwa akataka kunipa ile barua. Nilikataa, kwanza kwa sababu nesi hachukui mali ya mgonjwa, halafu kwa sababu haikuwa yangu kuwa nayo. Nilimpa bahasha safi ya plastiki laini, nikamwonyesha mwanawe jinsi ya kuihifadhi, na yeye akaipiga picha pande zote mbili. Mara hii aliniaga kwa jina langu. Hela hakupata, na sijui alimalizaje madeni yake. Hilo bado linaniuma.

Boksi langu mpaka leo halina sahihi ya rais. Lina daftari la bibi la hesabu za vitumbua, lenye jina lake mbele, ambalo nilikuwa natumia kuegemezea vitu vingine. Nimelihamishia juu, karibu na ile shilingi.

Wewe ukienda nyumbani wikiendi hii, fungua sanduku la wazee. Ukiona karatasi ya mkubwa, tazama na nyuma yake. Na kama wenyewe wapo hai, wakalishe wakuambie ni nani aliandika nini, kabla hawajafika kwangu wodini.

Ngoja nilale sasa. Sehemu ya 7 tukijaliwa Jumamosi.