Tumrudishe Mbunge Wetu au Tumpumzishe?



Ndugu zetu wapenzi, wazazi na walezi, kila unapokaribia uchaguzi swali huwa ni lile lile katika nyumba zetu: huyu aliyeko Bungeni tumrudishe au tumpumzishe? Kwa watu wengi jibu hutoka kabla swali halijaisha. Mmoja atasema arudi, kwa kuwa ni mtoto wa kwetu. Mwingine atasema aondoke, kwa kuwa ameshakula vya kutosha na sasa ni zamu ya wengine. Majibu yote mawili hayaigusi kazi yenyewe. Leo tunataka kuwaeleza jinsi sisi tulivyolipima jambo hili mwaka 2023 hapa kwetu Maniema, mashariki ya Kongo, ili familia zenye swali kama hilo zipate pa kuanzia.

Hali ilikuwa hivi. Mbunge wetu alikuwa anamaliza muhula ulioanza kwa uchaguzi wa Desemba 2018. Ni Muislamu mwenzetu, akiwa mjini tunaswali naye safu moja, na madrasa tunayosomesha imeezekwa kwa mabati aliyoyatoa yeye. Kabla ya mabati hayo, mvua ikinyesha watoto walikuwa wakisogezwa kona moja na misahafu ikifunikwa kwa nailoni. Kampeni zilipofunguliwa tarehe 19 Novemba 2023, wazee wawili wa upande wake walitujia nyumbani. Hawakutisha wala hawakupaza sauti. Walikunywa chai, wakauliza hali za watoto, kisha mmoja akasema: "Maalim, yale mabati unayaona kila siku. Unajua la kuwaambia wazazi." Tuliifahamu maana yake. Deni lilikuwa linadaiwa.

Tuliwaomba muda. Usiku tulilizungumza na mama watoto, ambaye anauza unga wa muhogo na mafuta ya mawese sokoni na husikia mengi kuliko sisi. Akatuuliza: "Baba watoto, hayo mabati walipewa watoto, au ilinunuliwa kura?" Hatukuwa na jibu la haraka, tukaona ni lazima tuanze mwanzo.

Kwanza, kazi ya mbunge ni ipi?

Katiba yetu ya mwaka 2006 imeeleza wazi. Bunge linatunga sheria, na linaisimamia serikali pamoja na mashirika ya umma. Mbunge amepewa vyombo vya kazi hiyo: anaweza kumuuliza waziri swali kwa mdomo au kwa maandishi, anaweza kumwita ajieleze mbele ya wenzake, na Bunge linaweza kuunda tume ya uchunguzi. Vikao vya kawaida ni viwili kwa mwaka, cha Machi hadi Juni na cha Septemba hadi Desemba, na hiki cha pili ndicho cha bajeti. Hapo ndipo barabara yetu inapoandikwa au inapoachwa.

Na mambo mazito hupita mikononi mwao. Mei 2021 Kivu ya Kaskazini na Ituri ziliwekwa chini ya utawala wa kijeshi wa dharura, na baada ya hapo Bunge lilikuwa likiurefusha siku 15 baada ya siku 15. Kila urefushaji ulihusu maisha ya ndugu zetu wa huko, na kila mmoja ulihitaji wabunge wakubali.

Kumbe kuezeka madrasa hakumo katika kazi hiyo. Wenzetu wa Kenya wana mfuko wa maendeleo wa maeneo bunge ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2003, kwa hivyo huko mwananchi ana haki ya kuuliza fedha za mfuko zilijenga nini. Hapa kwetu mbunge hakabidhiwi mfuko wa namna hiyo. Anachotoa ni cha mfukoni mwake au cha marafiki zake. Vile vile shule na vituo vya afya vinavyojengwa kwa mpango wa serikali wa maeneo 145, ulioanza mwaka 2022, si zawadi ya mbunge yeyote, hata kama siku ya ufunguzi yeye ndiye aliyekata utepe. Tuwafundishe watoto wetu kutofautisha haya, kwa sababu wengi wetu wakubwa tunayachanganya.

Pili, yeye alifanya nini?

Tulijaribu kutafuta kwa insafu. Tulimuuliza kijana wetu anayesoma sheria, tuliwauliza wanaofuatilia redio, tuliwauliza pia watu wa upande wake wenyewe. Haki ni kuyasema yote. Mazuri yalikuwepo. Wakati wa likizo za Bunge alikuwa anarudi na kutembea vijijini, hata kule ambako pikipiki husukumwa, wakati wengine huonekana mara moja katika miaka mitano. Mgonjwa akikosa usafiri, gari lake lilikuwa linatoka, hata usiku wa manane.

Upande wa pili, katika miaka yote mitano hatukupata mtu wa kututajia swali hata moja aliloliuliza kwa waziri kuhusu barabara yetu, ile ambayo mvua zikianza malori hulala njiani na bei ya chumvi na sabuni hupanda. Tena kila mgombea huandika majina mawili ya watakaoshika nafasi yake akifariki au akichukuliwa serikalini. Yake yalikuwa ya mke wake na mtoto wake. Malalamiko ya namna hii yamesikika nchi nzima, na ni jambo la kuangaliwa, kwa kuwa mwenye kumchagua mtu anawachagua na hao wawili.

Tatu, yeye mwenyewe anasemaje?

Kumhukumu mtu bila kumsikiliza si katika tabia yetu. Alipokuja msikitini baada ya Isha, walimu na wazee tukaomba kukaa naye, na sisi tukamuuliza kwa adabu: "Mheshimiwa, tunashukuru kwa mabati. Tunaomba kujua, kuhusu barabara ulimuuliza nani, na lini?" Hakukasirika. Alisema: "Walimu wangu, Bunge lina watu 500. Mmoja akiinua mkono peke yake kumshambulia waziri, hata kile kidogo alichokuwa akikipata anakikosa. Mimi naenda ofisini kwao taratibu, kama ndugu."

Tunakiri kuwa jibu hilo lina uzito. Siasa si mimbari, na mwenye kupatana na watu huenda akapata zaidi ya mwenye kelele. Lakini tuliliona tatizo lake pia. Anachoomba mbunge faraghani kama ndugu, hakuna anayeweza kumuuliza kimefika wapi. Swali lililoandikwa lina tarehe na lina jina la waziri, na mwananchi akiwa Maniema anaweza kulifuatilia. Naomba-omba ya ofisini haina ushahidi, na hata bati lenyewe, ukilitazama vizuri, ni la namna hiyo hiyo.

Nne, badala yake ni nani?

Hapa ndipo wengi huteleza. Kumkataa mtu si uamuzi mpaka ujue unamweka nani. Mmoja wa wapinzani wake alikuwa mfanyabiashara aliyegawa fulana na vitenge, na tulipouliza mipango yake, tukaambiwa tungoje atachaguliwa. Mwingine alikuwa mwalimu wa shule ya sekondari, kijana msafi wa mkono, anayeijua bajeti na anayeandika. Lakini alisimama kwa orodha ya chama kidogo. Sheria yetu inataka chama kipate angalau asilimia 1 ya kura za nchi nzima ndipo kihesabiwe katika kugawa viti vya Bunge la Taifa. Kura yako inamhesabia mgombea na orodha yake pia, kwa hiyo mtu mzuri katika orodha dhaifu anaweza kupata kura nyingi mjini kwake na bado akakosa kiti. Aliyeko ana uzoefu, na mgeni huhitaji muda wa kujifunza njia za Bunge. Haya yote tuliyaweka kwenye mizani.

Na kuna jambo moja zaidi la Katiba. Mbunge akishachaguliwa ni mbunge wa taifa zima, na hakuna maagizo ya wapiga kura yanayomfunga. Hatuwezi kumwita arudi katikati ya muhula. Siku ya kura ndiyo siku yetu pekee ya kumwambia ndiyo au hapana kwa namna inayomlazimu.

Suala la mabati

Ndugu zetu, tunaijua habari ya yule mtu aliyetumwa na Mtume (swalla Allahu alayhi wa sallam) kukusanya zaka, akarudi akitenga sehemu na kusema hii yenu na hii nimepewa zawadi. Mtume alilikemea jambo hilo hadharani na akahoji kama angekaa nyumbani kwa wazazi wake zawadi hiyo ingemfuata. Imepokelewa na Bukhari na Muslim. Sisi tuliligeuza swali lile kuelekea kwetu: kama sisi tusingekuwa walimu wa watoto wa wapiga kura, mabati yale yangetujia? Kama yalitoka kwa ajili ya Allah, malipo yako kwake na hakuna deni. Kama yalitoka kwa ajili ya kura, basi sisi hatukuwa na kura za wazazi za kumuuzia.

Tukafikia hapa: shukrani ina mlango wake na kura ina mlango wake. Tuliwarudia wale wazee, tukawaambia kuwa Mheshimiwa tunamshukuru na tunamuombea, na watoto watafundishwa kumshukuru. Ama kura, hiyo ni ushahidi, na katika Surat An-Nisaa tumeamrishwa tuusimamishe ushahidi kwa uadilifu hata kama ni juu ya nafsi zetu au jamaa zetu. Kwa hivyo madrasa haitatangaza jina la mtu, la kwake wala la mpinzani wake.

Jambo hili lilikuwa na gharama. Mmoja wa wale wazee aliwahamisha wajukuu wake wawili. Michango ya mwezi ilipungua, na kwa muda tulisomesha tukiwa na nusu ya kile tulichokizoea. Hadi leo yule mzee tunaamkiana, lakini kuja kunywa chai hajaja tena. Wanafunzi wakatuuliza kwa nini fulani na fulani hawaji. Tuliwaambia wamehama, basi. Ugomvi wa wakubwa si mzigo wa kumbebesha mtoto.

Tarehe 20 Desemba 2023 tulisimama kwenye mstari mpaka zamu yetu ikafika kwenye mashine yenye picha na namba za wagombea. Sisi hatukumpa kura mbunge wetu, tulimpa yule mwalimu, tukijua kiti ni kigumu kwake. Mama watoto alimpa mbunge. Dada yake alipopata uchungu usiku, gari la Mheshimiwa ndilo lililomfikisha hospitali, mama na mtoto wakawa salama. Alituambia: "Nyinyi mnatafuta maswali aliyouliza. Mimi namjua aliyeitikia nilipoita." Hatukumbishia. Alipima kwa alichokiona, sisi kwa tulichokiona, na nyumba yetu haikuvunjika kwa hilo.

Mbunge alirudi. Januari 2024 Tume ya Uchaguzi, CENI, ilifuta kura za wagombea 82 kwa tuhuma za udanganyifu, rushwa na kushika mashine za kura kinyume cha sheria, wakiwemo mawaziri na magavana. Jina lake halikuwemo, na hilo tunalisema kwa sababu ni haki yake. Alipokuja likizoni, wazazi wenyewe ndio waliomuuliza kuhusu barabara kabla sisi hatujafungua mdomo. Akasema ameandika. Tukaomba nakala ya barua. Hatujaiona bado, na kila akija tunaiomba.

Wazazi wapenzi, muhula wa miaka mitano hupita upesi. Kabla hamjaulizwa tena, kaeni na vijana wenu wenye umri wa kupiga kura muulizane haya: Kazi ya mbunge tunaijua? Aliyeko ameuliza nini na amekubali nini kwa jina letu? Akiulizwa, anajibu au anakwepa? Wale wawili walioandikwa nyuma yake ni nani? Na huyo tunayetaka kumweka badala yake, ana nguvu ya kazi na uaminifu, sifa mbili zile alizotajiwa baba wa wale mabinti wa Madyan katika Surat Al-Qasas, au ana fulana tu? Mkitofautiana mwishoni, tofautianeni kwa heshima, kila mtu na kura yake.

Tunamuomba Allah atupe viongozi wanaotuhurumia, na atupe sisi macho ya kuwatambua na ulimi wa kuwauliza. Amin.

Wabillahi tawfiq.