Wimbo Unaotupa Ruhusa ya Kulia

Ndugu msomaji, ukurasa huu aghalabu hukuletea habari za malezi, mapishi na matumizi ya mshahara. Leo naomba nafasi nikueleze habari za wimbo. Tena si wimbo wa dansi wala taarabu, bali wa roki, ulioimbwa na wanaume wanne wa mji wa Athens. Si Athens ya Ugiriki, bali mji wa chuo kikuu ulioko katika jimbo la Georgia, Marekani. Bendi yao iliitwa R.E.M. Ilianzishwa mwaka 1980 na kuvunjwa mwaka 2011. Wimbo wenyewe unaitwa "Everybody Hurts", yaani kila mtu huumia, nao umo katika albamu yao ya mwaka 1992, Automatic for the People.

Bendi hiyo ilikuwa ya mkondo unaoitwa roki mbadala, uliokua katika redio za wanafunzi na kumbi ndogo ndogo kabla ya makampuni makubwa kuutupia jicho. Mwimbaji wake, Michael Stipe, alisifika kwa maneno ya mafumbo, hata wenye lugha yao wakawa wanabishana anasema nini. Katika wimbo huu mafumbo aliyaweka kando. Mpiga gitaa, Peter Buck, alieleza baadaye kwamba maneno yalifanywa mepesi kwa sababu yaliwalenga vijana wa rika la kubalehe. Mimi nimevuka rika hilo zamani, na bado yananifika.

Usikilize kwa makini unapoanza. Gitaa linadonolewa uzi mmoja mmoja, mapigo yakihesabika matatu matatu, mwendo ule ule wa mama anayembembeleza mtoto. Mdundo wenyewe unatoka kwenye mashine ya bei ndogo. Hapo ndipo pananifurahisha, kwa kuwa sehemu kubwa ya wimbo ilibuniwa na Bill Berry, naye ndiye aliyekuwa mpiga ngoma wa bendi! Angeweza kujitengea nafasi ya kutamba. Akaiachia mashine igonge polepole. Kisha zinaingia fidla, zilizopangwa na John Paul Jones wa bendi ya Led Zeppelin, na sauti ya Stipe inapanda bila kupiga kelele.

Ipo na filamu yake fupi ya mwaka 1993. Magari yamekwama katika barabara kuu ya San Antonio, Texas, na chini ya kila uso yanaandikwa mawazo ya mwenye uso huo. Mwisho watu wanashuka, wanayaacha magari na kutembea kwa miguu. Msomaji unayerudi jioni Kimara au Mbagala hutahitaji kuelezwa foleni ni nini. Ila katika daladala zetu hakuna maandishi chini ya nyuso. Umesimama umebanwa na mtu bega kwa bega kwa saa nzima, na huwezi kujua kama ametoka kazini au ametoka kumfukia mwanawe.

Kaka yangu alikuwa fundi wa magari. Kiingereza chake kilikuwa cha kusomea majina ya vipuri, lakini wimbo huu alikuwa nao katika kanda, na akiufikia hakutaka mtu azungumze. Alifariki akiwa na miaka 34. Siku zile za msiba kila aliyeingia uani alitupa neno moja: jikaze. Wanaume tuliambiwa kwa ukali. Shemeji yangu aliambiwa kwa upole, kwa ajili ya watoto. Hawakuwa na ubaya. Wahenga wamesema kifo cha wengi arusi, na kweli kundi lilitubeba, likapika, likakesha nasi. Lakini tanga likianuliwa wengi hurudi makwao, ikabaki nyumba yenye mtu mmoja aliye macho usiku. Methali ile haimfikii huyo. Wimbo wa Stipe unaanzia kwake hasa: mtu peke yake, usiku, amechoka na maisha. Haumwambii ajikaze. Unamwambia kuwa wengine nao wanaumia, kwa hiyo asikate tamaa, na kwamba atafute faraja kwa rafiki zake.

Wapo wanaouona mtamu kupita kiasi, na mwaka 2010 waimbaji wengi wa Uingereza waliuimba kwa pamoja kuwachangia waliofikwa na tetemeko la ardhi la Haiti. Kazi njema ile, ila kwa sikio langu maneno haya huiva zaidi yakitoka kinywani mwa mtu mmoja. Wala sidai kwamba wimbo ni dawa. Mwenye kuzungumzia kujiua anahitaji mtu wa kukaa naye na kumfikisha kwa mganga hospitalini, si kanda.

Miezi michache baada ya arobaini, nilimkuta shemeji ametoka zamu ya kiwandani, ameketi jikoni bila kuvua viatu. Nikamwekea wimbo ule kwenye simu. Aliutambua tangu gitaa, maana alikuwa ameusikia miaka yote bila kujua unasema nini. Nikamweleza maana yake kwa Kiswahili, kwa kifupi.

"Huyo anayeimba amefiwa na nani?" akauliza.

Nikamwambia hasemi.

Alivua kiatu kimoja, akakishika mkononi, machozi yakimtoka bila kuyafuta. "Basi uweke tena, shemeji," akasema. "Na mlango urudishe, watoto wamelala."