Safari ya Ufini kwa Njia ya Sinema

Leo nawaalikeni safarini. Safari yenyewe haitaki nauli wala koti zito, maana nchi tuiendeayo mimi mwenyewe sijaikanyaga kwa miguu. Nimeiona kwa picha za sinema tu, nikiwa nimekaa juu ya benchi katika ukumbi wa parokia, pamoja na katekista wetu na walimu wawili, mmoja wao mwenye kompyuta. Lakini yawezekana mtu akasafiri hali amekaa, naye akarudi nyumbani amebadilika. Hayo ndiyo yaliyonipata, nami nitawasimulieni.

Nchi hiyo ni Ufini. Mwombeni mtoto wenu wa shule awaonyesheni ramani: iko kaskazini kabisa mwa Ulaya, katikati ya Sweden na Urusi. Ilikuwa chini ya Urusi hata ilipojitangazia uhuru tarehe 6 Desemba 1917. Watu wake hawafiki milioni 6. Karibu robo tatu za nchi ni misitu, na maziwa yake, makubwa kwa madogo, yapita 180,000. Wafini wengi ni Walutheri. Wakatoliki ni wachache, nao wana jimbo moja tu, la Helsinki, ambao ndio mji mkuu.

Taifa dogo kama hilo, lenye lugha isiyojulikana sana nje ya mipaka yake, mtu angedhani sinema zake haziendi mbali. Kumbe sivyo! Wafini wana tuzo yao wenyewe ya sinema, iitwayo Jussi, iliyoanza mwaka 1944. Tena sinema zao zimetunzwa mara nyingi huko Cannes, mji wa pwani ya Ufaransa ambako kila mwaka sinema za mataifa hushindanishwa. Basi twendeni. Tutaanza kaskazini kwenye theluji, tushuke kidogo kidogo mpaka baharini.

Kaskazini ni nchi ya Lapland, wanakokaa Wasami, ambao baadhi yao tangu zamani ni wafugaji. Wao hufuga reni, mnyama mwenye pembe kama matawi ya mti. Huko, katikati ya kipupwe, jua halichomozi kwa majuma kadhaa, na wakati wa joto halituwi usiku wala mchana. Sinema ya huko ni Valkoinen peura, yaani Reni Mweupe, iliyotengenezwa na Erik Blomberg mwaka 1952 na kutunzwa huko Cannes mwaka 1953. Mke wake mwenyewe, Mirjami Kuosmanen, ndiye aliyecheza kama Pirita, mke kijana ambaye mumewe huenda kuchunga mifugo na kumwacha peke yake siku nyingi. Pirita akaona upweke, akamwendea mganga ampe dawa ya kuvutia mapenzi. Mganga akampa sharti: atoe kafara kiumbe hai cha kwanza atakachokutana nacho njiani. Naye akakutana na ndama mweupe wa reni, zawadi aliyopewa na mumewe! Hata hivyo akamtoa. Tangu siku ile akawa hugeuka mnyama mweupe, akiwavuta wanaume nyikani hata wafe. Mwisho wake ni mkuki mkononi mwa mume wake mwenyewe.

Nilipokuwa nikiitazama nilisikia akina mama nyuma yangu wakiguna. Nani kati yetu asiyejua habari za dawa ya mapenzi? Theluji ni ya kwao, lakini upweke wa mke aliyeachwa nyumbani tunaujua hata sisi.

Tukishuka kusini twaingia nchi ya misitu na maziwa, na vijiji ambavyo nyumba moja haioni nyingine. Katika nchi ya namna hiyo ndimo ilimowekwa sinema ya Klaus Härö ya mwaka 2009, Postia pappi Jaakobille, maana yake Barua kwa Mchungaji Jaakob. Hii ilipata tuzo ya Jussi ya sinema bora. Habari yake ni hii. Mwanamke mmoja, Leila, aliyefungwa maisha kwa kosa la kuua, anasamehewa baada ya miaka 12. Anapelekwa kukaa kwa mchungaji mzee kipofu. Kazi yake ni kumsomea mzee barua za watu wanaoomba sala, na kuwaandikia majibu. Leila haitaki kazi hiyo. Barua nyingine anazitupa. Mleta barua naye anamwogopa, maana amesikia habari za kifungo chake.

Baadaye barua zikakoma kuja. Mzee akaona kwamba Mungu hana haja naye tena. Hapo Leila, asiye na barua mkononi, akajifanya anasoma, naye akaisema habari yake mwenyewe: alimwua shemeji yake kwa sababu alikuwa akimpiga dada yake bila huruma. Mzee akatambua sauti ya moyo. Ndipo akamwonyesha barua za dada yule, ambaye miaka yote alikuwa akiuliza habari zake, na ambaye Leila alidhani hawezi kumsamehe.

Wasomaji, mimi ni karani wa parokia. Kuwasomea wazee barua zao na kuwaandikia majibu ni kazi yangu ya kila juma. Sinema ile ilipokwisha sikuinuka mara moja. Na sababu haikuwa Leila peke yake. Miezi miwili kabla ya hapo alikuja ofisini kwangu kijana aliyetoka kifungoni, akitaka cheti chake cha ubatizo. Nilimwambia, "Njoo kesho." Alipokuja kesho yake nikamwambia vile vile. Alipokuja mara ya tatu nilimwambia kwamba daftari la zamani halionekani. Daftari lilikuwa kabatini, hatua mbili toka kiti changu. Nilimwogopa tu, kama mleta barua yule. Hakuja mara ya nne.

Tuendelee na safari. Magharibi, kando ya bahari, uko mji wa Kokkola, nyumbani kwa mwokaji mikate Olli Mäki, aliyekuwa pia bondia. Tarehe 17 Agosti 1962, katika uwanja mkubwa wa Helsinki, alipigania ubingwa wa dunia na Mmarekani Davey Moore. Taifa zima lilimtazamia, naye akashindwa raundi ya pili. Juho Kuosmanen alitengeneza sinema ya habari hiyo, Hymyilevä mies, yaani Mtu Anayetabasamu, bila rangi, nyeusi na nyeupe tu, nayo ilipata tuzo huko Cannes mwaka 2016. Kwa nini mtu aliyeshindwa atabasamu? Kwa sababu siku zile alikuwa amempenda Raija, msichana wa kwao, na moyoni mwake uchumba ulikuwa mkubwa kuliko ubingwa. Vijana wetu wanaodhani kwamba asiye na sifa si kitu, waitazame hii.

Hata tukafika Helsinki, bandarini. Hapa mwenyeji wetu ni Aki Kaurismäki, aliyezaliwa mwaka 1957, ambaye ndiye mtengenezaji wa sinema wa Kifini anayejulikana zaidi duniani. Watu wake ni wale wasiotazamwa na mtu: mfanyakazi aliyefukuzwa, mlevi, mgeni asiye na hati. Katika Kuolleet lehdet, yaani Majani Makavu, iliyotunzwa Cannes mwaka 2023, mwanamke afanyaye kazi katika duka kubwa anafukuzwa kwa sababu ya chakula kilichopita tarehe yake, ambacho kingetupwa.

Lakini iliyo kubwa kwangu ni Mies vailla menneisyyttä, Mtu Asiye na Zamani, ya mwaka 2002. Mtu anashuka kwenye gari moshi mjini, wezi wanampiga hata anasahau kila kitu, jina lake pia. Maskini wanaokaa ndani ya makontena ya chuma kando ya maji wanamtunza. Anapata kontena lake, anapanda viazi mbele ya mlango. Akienda kutafuta kazi anaulizwa jina, naye hana, basi anafukuzwa. Anayemsaidia ni Irma, mtumishi wa Jeshi la Wokovu. Sinema hii ilipewa huko Cannes tuzo ya pili kwa ukubwa, na Kati Outinen, aliyecheza kama Irma, akapewa tuzo ya mchezaji bora wa kike. Tena baraza la waamuzi Wakristo, Wakatoliki na Waprotestanti pamoja, ambalo limekuwapo Cannes tangu mwaka 1974, liliitunza vile vile.

Angalieni basi: waliokuwa na karatasi na mihuri walimfukuza, na waliokuwa hawana kitu walimpa mahali pa kulala. Mimi kazi yangu ni kuandika majina ya watu katika daftari, nami nilikuwa upande wa wenye mihuri.

Mkipenda kuzitazama sinema hizi kijijini, shikeni ushauri huu. Maneno yake ni ya Kifini, na chini ya picha huandikwa Kiingereza. Sisi tulimweka mwalimu kando ya ukuta, akawa anatafsiri, na watu walisikia vizuri. Reni Mweupe inatisha, watoto wadogo wakalale kwanza. Ile ya mchungaji inafaa watu wazima na vijana wakubwa, kwa sababu yumo mtu anayetaka kujiua. Ile ya mtu asiye na zamani huanza kwa kipigo kikali, kisha hutulia. Ile ya bondia ni ya jamaa nzima. Msitazamie kelele wala mbio za magari. Wafini husema maneno machache, na wakati mwingine hunyamaza muda mrefu. Vumilieni ule ukimya, ndani yake mna habari.

Nami nimekwisha kulifungua lile kabati. Jina la yule kijana limo katika daftari, kwa wino uliofifia, pamoja na majina ya wazazi na msimamizi wake. Nimemwandikia cheti, Baba Paroko ametia sahihi. Katekista alikwenda kumtafuta akaambiwa amehamia mjini, hakuacha habari. Shangazi yake ameahidi kumpelekea salamu. Cheti kipo mezani kwangu, wala si ndani ya saraka, nikione kila asubuhi ninapofungua mlango. Nawe ndugu msomaji, kama kuna mtu uliyemwambia "njoo kesho," usingoje sinema ikufundishe.