Niliuanika Ugonjwa wa Mwanamke Nisiyemjua

Mtu niliyemuumiza kuliko wote hakuwahi kujiunga na mtandao wowote wa kutafuta wachumba. Hakuweka picha, hakuandika umri wake, hakubonyeza "nakubali" popote. Alikuwa kwa mama yake, akilea mtoto na kumeza dawa, wakati mimi nisiyewahi kukutana naye nikiusambaza ugonjwa wake kwa wanawake wenzangu na kuuita tahadhari. Majina siyataji, na mambo yanayoweza kuwatambulisha wenyewe nimeyaacha. La kwangu sitalipunguza.

Nilianza kutumia programu ile baada ya ndoa yangu kuvunjika. Nilijiona mwangalifu. Niliweka jina la utani na picha niliyopigwa nikiwa nimegeukia pembeni. Penye kazi nikaandika mjasiriamali, jambo ambalo hapa Dar es Salaam halimwambii mtu chochote. Mume wa zamani asingenitambua, bosi wangu asingenitambua. Hadhari yote hiyo ilikuwa kwa ajili yangu. Ya wengine sikuiwazia.

Nikakutana na mwanamume mmoja mpole wa maneno, asiye na haraka. Tulipozoeana akanipa namba yake tuhamie WhatsApp. Kwetu, mtu akikupa namba ya simu amekupa na jina lake. Nilifungua menyu ya kutuma pesa, nikaweka namba ile na shilingi elfu moja. Kabla sijaingiza namba ya siri, skrini ikaniuliza kama nathibitisha kumtumia fulani wa fulani, kwa herufi kubwa. Nikaghairi. Sikukatwa hata senti, naye hakupata ujumbe wa kumjulisha kuwa kuna mtu amemchungulia.

Jina lile limewekwa pale ili tusitume pesa kwa mtu siye, na limetuokoa wengi. Ila tangu laini zianze kusajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA, na zile ambazo hazijasajiliwa hivyo zianze kuzimwa Januari 2020, jina hilo si la kujipachika tena, ni la kwenye kitambulisho cha taifa. Wapo wanaonunua laini ya pili kwa ajili ya mambo ya moyo wakidhani wamejificha. Wakishaifungulia akaunti ya pesa, inawataja.

Nikairudia picha yake. Alikuwa amesimama kwenye varanda ya ofisi, kitambulisho cha kazi kifuani kimegeukia nyuma, hakisomeki. Utepe wa shingoni ndio uliosomeka: rangi mbili, na nembo ya kampuni imejirudia kutoka begani hadi kifuani. Kwenye ukurasa wa kampuni hiyo nikakuta picha za bonanza la michezo, yeye yuko mstari wa nyuma na jezi, na aliyeziweka amewatagi wenzake wote. Kufikia saa nne usiku nilikuwa Facebook naitazama harusi yake, na kanisa, na keki, na magauni ya wasimamizi.

Nilimuuliza kwa ukali: mbona una mke?

Hakukana. Alinijibu kwa ujumbe mrefu sana. Walikuwa wametengana, na shauri lao lilikuwa kwenye Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, ambako Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inawataka wanandoa wapite kabla ya kuomba talaka mahakamani. Kisha akaeleza chanzo. Mkewe aliugua akili baada ya kujifungua, akalazwa. Akaandika pia aliyoyasema na kuyafanya mkewe katika siku zile, mambo ambayo mgonjwa akipata nafuu haombi kukumbushwa. Hayo siyarudii hapa. Nimeshayasema mara moja na inatosha. Alimalizia hivi: "Dada, haya hata kaka yangu hayajui yote. Nimekwambia usije ukadhani nakudanganya."

Nikapiga skrinishoti za ujumbe wote, zikiwa na jina lake na picha yake juu, nikazituma kwenye kundi la WhatsApp la wanawake tuliosoma pamoja. Chini nikaandika: "Jamani, nani anamjua huyu? Mkweli au tapeli?"

Kwa muda mrefu nilijitetea kwamba niliogopa. Hofu yenyewe si ya kubezwa. Wanawake tunatapeliwa, tunapigwa, wengine wanakutana na wageni na hawarudi salama. Lakini wakati natuma zile picha nilikuwa nimeshamwamini. Jina lilishalingana na sura, sura na kampuni, harusi na maelezo yake. Swali la usalama wangu lilikwisha kujibiwa. Nilituma kwa sababu ilikuwa habari tamu, na kwenye kundi lile mwenye habari ndiye anayesikilizwa. Usiku ule nilisikilizwa sana. Zilikuja pole, zikaja sauti za ushauri, zikaja za kicheko. Mmoja aliandika: "Huyo mke ni chizi, kimbia." Nikamwekea alama ya kucheka.

Kabla ya wiki kwisha, mmoja wetu alikuwa amemfowadia dada yake, dada akamtumia mfanyakazi mwenzake, na huyo anasali kanisa moja na familia ya yule mke. Niliposikia, nikakimbilia kufuta kwa wote. WhatsApp inakuruhusu kufanya hivyo kwa zaidi kidogo ya siku mbili tangu utume, na muda wangu ulishapita. Hata ungekuwepo usingenisaidia: kufuta hakufiki kwenye nakala zilizofowadiwa, wala kwenye picha ambazo mtu amepiga kwa simu yake mwenyewe. Nikawaomba wote kwenye kundi wafute. Wengi wakajibu "sawa shosti". Mmoja akauliza, "Unazungumzia hii?" akaiweka upya palepale kundini.

Hapo nikakumbuka habari ambayo kwa miaka nilikuwa nikiisimulia kwa furaha. Julai 2015 wadukuzi waliojiita The Impact Team waliingia kwenye mtandao wa Ashley Madison, uliokuwa ukiwakutanisha watu wa ndoa na wapenzi wa nje, na Agosti wakamwaga hadharani taarifa za mamilioni ya watu. Kampuni hiyo ya Toronto ilikuwa ikitoza dola 19 kwa mtu anayetaka kufutwa kabisa. Uchunguzi wa pamoja wa makamishna wa faragha wa Canada na Australia, uliotolewa Agosti 2016, ulionyesha kuwa hata waliolipia ufutaji huo taarifa zao ziliendelea kuhifadhiwa kwa miezi, na kampuni ikalaumiwa kwa hilo. Matapeli nao waliwaandikia waliomo wakitaka fedha, la sivyo wataambiwa wake zao. Mimi niliisimulia kama hadithi ya wazinzi waliokomeshwa. Sikuwahi kuwawaza wale wake, walioamka asubuhi moja wakakuta majirani wanaijua ndoa yao kuliko wao.

Mke niliyemwanika mimi alinitafuta mwenyewe. Sijui namba yangu aliipata kwa nani, na baada ya niliyoyafanya sikuwa na uso wa kuuliza. Alituma ujumbe wa sauti, bila kupandisha sauti. Alisema skrinishoti zangu zilichapishwa na ndugu zake na kupelekwa kwenye Baraza, wakitaka kuonyesha kwamba mume anatafuta mwanamke mwingine. Ndugu za mume nao wakasoma karatasi zilezile na kuzitumia kuhoji kama mama huyu anafaa kukaa na mtoto. Kazini kwake, alikokuwa akijiandaa kurudi, zilishafika. "Mume wangu anaweza kusema atakayo, ni mume wangu, nitabanana naye," alisema. "Wewe dada nilikukosea nini?"

Nilimwandikia kuomba radhi. Ujumbe ulisomwa, haukujibiwa, na hana deni la kunijibu. Yule mwanamume naye alinifungia, na hilo nililistahili.

Nilijaribu kuitupia programu lawama, na kisingizio hakikukosekana. Kampuni hizi zina madhambi yao. Desemba 2021 mamlaka ya ulinzi wa data ya Norway iliitoza Grindr faini ya kroni milioni 65 kwa kuwapa watangazaji taarifa za watumiaji bila ridhaa halali. Mwaka 2024 shirika la Mozilla lilikagua programu 25 za wachumba, likazibandika 22 onyo la faragha. Mwaka huohuo watafiti wa chuo kikuu cha KU Leuven, Ubelgiji, walikagua programu 15 na kuonyesha kwamba sita kati yake zingeweza kumwezesha mtu kubaini mahali hasa alipo mwingine, kwa kuchezea kipimo cha umbali kinachoonyeshwa. Hayo yote ni kweli, na hakuna hata moja lililomfika mwanamke yule. Aliyemfika ni mimi.

Julai 2025 ikaja habari ya Tea. Hiyo ni programu ya Marekani ambamo wanawake wanaulizana na kuonyana kuhusu wanaume wanaotoka nao. Kwa maneno mengine, ni kundi letu lilelile, kwa ukubwa wa nchi. Ili kuthibitisha kuwa wao ni wanawake, watumiaji walitakiwa kujipiga picha, na wengine walitoa picha za vitambulisho. Picha kama 72,000 zikavuja, zikiwemo kama 13,000 za nyuso na vitambulisho, na muda mfupi baadaye ikabainika kuwa ujumbe wa faragha zaidi ya milioni moja nao ulikuwa wazi. Waliokwenda kutafuta usalama wakawa wameanikwa wao, na wanaume waliojadiliwa, na yeyote aliyetajwa katikati. Sikuweza kuwacheka. Kuonyana ni haki, tena kumeokoa maisha. Hatari ni ile ghala inayojaa habari za watu wasiojua kwamba wamehifadhiwa humo, na kundi la WhatsApp la wanawake ishirini ni ghala pia, lisilo hata na kampuni ya kushitaki.

Niliisoma na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Nikiri na hili: sikuisoma ili nijue haki za yule mama, niliisoma nijue kama naweza kushitakiwa. Nilipokuta inazihesabu habari za afya ya mtu miongoni mwa taarifa nyeti nilifunga simu. Sikuhitaji kifungu kingine kunieleza nilichokifanya.

Bado natafuta mwenza mtandaoni, na bado nachunguza. Atakayemwambia mwanamke asichunguze hamtakii mema. Nimebadilisha ninachokitoa mkononi. Mazungumzo nayaacha humohumo kwenye programu mpaka tuonane mahali penye watu, kwa sababu namba yangu nayo inataja jina langu. Picha ninazoweka hazipo Facebook wala Instagram, na kabla ya kuziweka natazama nyuma yangu kuna bango gani, sare gani, gari la namba gani. Nikienda kukutana na mtu, mdogo wangu peke yake anapewa jina lake, namba yake na mahali tulipo, na nikirudi nyumbani anafuta.

Nikitaka kumuulizia mtu, nauliza kwa mdomo, kwa anayeelekea kumjua: unamfahamu fulani wa kampuni fulani, ni mtu wa namna gani? Usiku ule swali hilo lingenitosha. Tapeli anajulikana kwa jina, sura na kazi anayodai kufanya. Ugonjwa wa mkewe usingenisaidia kumjua, na alipoanza kuueleza ningepaswa kumkatiza: kaka, hilo ni la mkeo, si lako kunipa wala langu kulipokea.

Kundi bado lipo nami bado nimo. Juzi mwenzetu mmoja alileta skrinishoti ya kijana fulani, na swali langu lilelile chini yake. Nilimpigia simu nikamwomba aiondoe mapema, kabla muda wa kufuta haujapita, kisha tukakaa tukaandika swali la mstari mmoja lisilo na picha wala maneno ya kijana yule. Alinuna. Lakini aliiondoa, na siku mbili baadaye akapata jibu alilolihitaji: kijana ana mke Morogoro. Kwa nini anaishi mbali na mkewe, hakuna aliyeuliza.