Kitabu Kilichorudisha Kikombe Changu Mezani

Wasee, leo stori ni ya ukweli na ni yangu.

Mwaka jana nilienda kutoa damu na mabeshte wa kampasi. Tulienda kwa raha tu: soda ya bure, biskuti, picha mbili tatu, halafu turudi darasani. Wiki kadhaa baadaye nikapigiwa simu nirudi. Damu ikitolewa hupimwa virusi vya Ukimwi, kaswende, homa ya ini aina ya B na aina ya C. Yangu ilikuwa imeshikwa kwa B.

Daktari alikuwa mpole lakini foleni nje ilikuwa ndefu. Tulikaa naye kama dakika nne. Alisema nitapimwa tena, na kama virusi vitakuwa bado viko baada ya miezi 6, basi ni vya kudumu. "Pombe uwache kabisa. Tutaonana ukileta majibu." Nikatoka na karatasi mkononi. Nilikuwa na maswali kama hamsini na sikuwa nimeuliza hata moja.

Usiku huo nikamwambia mathe. Alinyamaza. Kesho yake shangazi akaja, wakaongea jikoni mlango umefungwa. Jioni nikakuta kikombe cha bluu, sahani na kijiko vimewekwa kando kwenye rafu.

"Mwanangu, hizi ni zako peke yako," shangazi akasema. "Si ubaya, ni kujikinga tu."

Mathe hakusema kitu. Alikuwa anaosha sukuma ambayo tayari ilikuwa safi. Kuna maneno hukata maini, na hayo yalinikata ini lile lile lililokuwa na shida.

Hapo ndipo nikaanza kutafuta kitabu. Utaniuliza, mbona kitabu na simu iko? Kwa sababu simu ilinimaliza. Kila nikiandika "ini" saa nane usiku, video ya tatu ilikuwa ya saratani na ya nne ilikuwa ya mtu anauza majani. Nilitaka mtu mmoja anikalishe chini, aanze mwanzo afike mwisho, bila kunipigia kelele.

Nilianzia kwa vitabu vya inama, vile hupangwa chini juu ya gunia kando ya Tom Mboya. Cha kwanza kilikuwa cha kusafisha ini kwa siku saba na juisi. Muuzaji aliapa kimesaidia watu wengi. Nilikirudisha. Ini ndilo husafisha damu, lenyewe halihitaji kupigwa deki. Na mtu mwenye ini lililoumia anaweza kujiumiza zaidi kwa mchanganyiko wa miti shamba ambao hajui una nini ndani.

Cha pili nilikinunua soo mbili. Kilikuwa cha homa ya ini na nilikisomea ndani ya matatu. Ukurasa baada ya ukurasa ni sindano za interferoni karibu mwaka mzima, homa, nywele kupungua, huzuni. Nilishuka steji isiyo yangu. Nilipofika nyumbani ndipo nikaona vitu viwili. Kwanza, kilikuwa kinazungumzia aina ya C, na mimi nina B. Ni virusi tofauti kabisa, vimeshirikiana jina tu. Pili, kilichapishwa mwaka wa 2001. Tangu mwisho wa 2013 kumekuja vidonge vipya vya C, na siku hizi mgonjwa humeza wiki 8 hadi 12 tu, na zaidi ya watu 95 kwa kila 100 hupona kabisa. Mwandishi hakuwa amenidanganya. Kitabu kilikuwa kimezeeka.

Nikajaribu maktaba moja mjini. Nikauliza kitabu cha homa ya ini kwa Kiswahili, nikaonyeshwa kurasa mbili za homa ya manjano. Hii shida iko mtaani pia. Mtu akiona macho yamekuwa ya manjano, anasema ni homa ya manjano. Lakini homa ya manjano ni ugonjwa mwingine unaoletwa na mbu. Macho ya manjano ni dalili tu, na wengi wenye B kama mimi hawana dalili yoyote kwa miaka na miaka.

Beshte yangu anayesomea unesi ndiye aliyeniokoa. Aliniletea kitabu cha Baruch Blumberg, Hepatitis B: The Hunt for a Killer Virus, cha 2002. Jina linatisha, najua. Lakini Blumberg ndiye aliyegundua hivi virusi kwenye miaka ya 1960, akasaidia kutengeneza chanjo, na mwaka wa 1976 akapata Tuzo ya Nobel. Siku ya Homa ya Ini Duniani, 28 Julai, ndiyo siku aliyozaliwa. Kitabu hakikuniambia nile nini, lakini kilinituliza. Kitu kilichokuwa kinanitisha kina historia, kina watu waliokifuatilia, na kina chanjo. Nikaangalia tarehe yangu ya kuzaliwa: 2000. Kenya ilianza kuwapa watoto wote chanjo hiyo mwishoni mwa 2001. Nilikosa basi kwa mwaka mmoja, manze.

Kile hasa kilichonishika mkono ni cha William Finley Green, The First Year: Hepatitis B. Huyu mwandishi ana virusi mwenyewe. Kitabu amekipanga kulingana na vile mtu anaishi: siku ya kwanza, siku ya pili, wiki ya kwanza, halafu miezi. Ukiwa siku ya tatu hukazwi kusoma mambo ya mwezi wa kumi. Nacho ni cha 2002, kwa hivyo sehemu ya dawa niliiruka. Tenofovir, ambayo leo hutumika sana kwa B, haikuwa imeidhinishwa kwa ugonjwa huu mpaka 2008. Dawa nilisoma kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2024, ambao uko mtandaoni bure. Lakini jinsi ya kumwambia mtu unayempenda, jinsi ya kulala ukiwa na hofu, hayo hayajapitwa na wakati.

Na nikapata jibu la kikombe. Homa ya ini ya B hupitia damu, ngono, na kutoka kwa mama hadi mtoto wakati wa kuzaliwa. Haipitii kikombe, sahani, chakula wala kukumbatiana. Wembe na mswaki kila mtu awe na chake. Na watu wa nyumba wapimwe, asiye nayo achanjwe.

Lakini vitabu vya nje vina pengo. Vingi vinaonya sana kuhusu kula chaza wabichi. Mimi na chaza tutakutana wapi, Kayole? Kitu kinachonihusu ni mahindi. Mahindi yakihifadhiwa na unyevu huota kuvu lenye sumu ya aflatoksini, na sumu hiyo pamoja na virusi vya B huongeza sana hatari ya saratani ya ini. Mwaka wa 2004 aflatoksini iliua watu 125 hapa kwetu, wengi wao Makueni na Kitui. Hiyo ndiyo sura ambayo kitabu chetu kingeanza nayo.

Kwa hivyo nikanunua daftari na nikaanza kumwandikia mathe kwa Kiswahili. Kila usiku kurasa mbili. Niliandika kuhusu kikombe, mahindi, vipimo. Ukurasa mmoja tu niliuruka: ule unaosema mtoto akiambukizwa wakati wa kuzaliwa, mara 9 kati ya 10 virusi hubaki naye maisha, lakini mtu mzima akiambukizwa, mara nyingi mwili huvishinda. Nilijua akiusoma atafikiria nini.

Alimaliza daftari Jumapili. Akalifunga, akaniuliza, "Na hii umepata wapi, wewe? Hapa hujaandika."

Sikujibu. Akasema, "Ni mimi, sivyo?"

Tulienda kupimwa wote. Ndugu yangu mdogo, wa 2008, alichanjwa akiwa mtoto na yuko salama. Mathe anayo. Amekuwa nayo labda maisha yake yote na hakujua, na hakuna kosa lake hapo. Sasa yeye pia ana kliniki, na tunaenda pamoja. Dakika bado ni nne, lakini tunaingia na maswali matano yameandikwa, na tunatoka na majibu matano. Mimi kwa sasa sihitaji dawa, ni kupimwa tu kila baada ya muda. Yeye ameanza kidonge kimoja kwa siku.

Shangazi alipoambiwa, alikaa kimya muda mrefu. Amekula chakula cha mathe zaidi ya miaka ishirini, kwa sahani zile zile, na alipopimwa hana kitu. Amechanjwa sindano ya kwanza.

Kama wewe au mtu wenu ana shida ya ini na unatafuta kitabu, angalia vitu vinne kabla ya kutoa pesa. Kimechapishwa mwaka gani? Kinazungumzia ugonjwa wako, au cha jirani yake? Mwandishi anataka kukuelewesha, au ukurasa wa mwisho anakuuzia unga? Na kina kurasa za watu wa nyumbani? Hiyo ya nne ni muhimu sana, kwa sababu hutaishi na huu ugonjwa peke yako.

Na kama hujawahi kupimwa B, hasa kama ulizaliwa kabla ya chanjo kuja, nenda.

Kikombe cha bluu bado kiko. Jana ndugu yangu alikuwa anakinywea chai, na hakuna aliyeshtuka.