Mgeni Katika Kijiji cha Tenganan

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mgeni asiyejua adabu za nyumba aliyoingia hamponyi mtu, bali huongeza mzigo. Leo napenda kuwasimulia habari za kijiji kimoja cha mbali nilikopata kuwa mgeni, ili yeyote kati yenu atakayejaliwa kufika huko kwa mafunzo, kwa kazi au kwa matembezi ajue la kufanya. Na asiyejaliwa apate walau kufahamu jinsi wenzetu wanavyoishi. Nitaeleza pia kosa nililolitenda mwenyewe, kwa sababu mwalimu anayeficha makosa yake hafundishi kitu.

Mwaka 2023 nilipelekwa na idara yangu kuhudhuria mafunzo ya wiki tatu mjini Denpasar, katika kisiwa cha Bali, nchini Indonesia. Wakati huo baba watoto, ambaye ni sajini jeshini, alikuwa Somalia pamoja na majeshi ya Umoja wa Afrika. Watoto wetu watatu niliwaacha kambini chini ya uangalizi wa shangazi yao. Wake wa askari mnaosoma ukurasa huu mnaijua hali hiyo. Simu ikilia usiku, moyo hutangulia mkono.

Jumapili ya pili tulipewa mapumziko. Wenzangu wengi walikwenda pwani. Mimi na wenzangu wawili, Mtanzania mmoja na dada mmoja wa Zambia, tulichanga fedha tukakodi gari kwenda Tenganan Pegringsingan, kijiji cha kale kilicho mashariki mwa kisiwa, katika wilaya ya Karangasem. Safari ilichukua kadiri ya saa mbili. Karibu na mji mdogo wa Candidasa gari liliiacha barabara kuu ya pwani, likapanda kilomita chache kuelekea milimani, likasimama nje ya lango. Hapo ndipo magari yanapokomea. Tulitoa mchango wetu, tukaandika majina katika kitabu cha wageni, tukaingia kwa miguu.

Watu wa Tenganan ni miongoni mwa wale waitwao Bali Aga, yaani wenyeji wa asili wa kisiwa hicho, walioshika mila zao tangu kabla ya dola ya Majapahit ya kisiwa cha Java kueneza desturi zake huko Bali katika karne ya 14. Kijiji kimezungushiwa ukuta na kina malango machache. Njia zake kuu zinakwenda sambamba kutoka kusini hadi kaskazini, nazo hupanda ngazi kwa ngazi kuelekea mlimani, zimetandikwa mawe. Katikati ya njia kuna mabanda marefu ya mikutano na ibada, na nyati wa kufugwa hupita wakila majani bila kumjali mtu. Nyumba zimepangwa mistari miwili, mlango kwa mlango, hata nikakumbuka majumba ya kambini kwetu. Tofauti ni kwamba huko hakuna aliyewapanga ila wazee wao wenyewe.

Kijana mmoja wa kijijini alijitolea kutuongoza. Tuliambiwa tumwite Bli, maana yake kaka. Alianza kwa hadithi ya asili ya kijiji. Zamani mfalme mmoja wa Bali alipotelewa na farasi wake ampendaye. Wazee wa watu wa Tenganan wakatafuta, wakamkuta amekufa. Mfalme akawaambia kwamba watapewa ardhi yote ambayo harufu ya mzoga itafika. Afisa wa mfalme akatembea na mkuu wa wale waliotafuta ili kupima mipaka. Wakaenda, wakaenda, harufu haikwisha. Kumbe yule mkuu alikuwa ameficha kipande cha nyama ndani ya nguo zake! Tulicheka sana. Lakini Bli aliongeza kwamba ardhi hiyo mpaka leo ni ya kijiji kizima, na sheria yao, iitwayo awig-awig, hairuhusu iuzwe kwa mtu wa nje. Hata matunda ya msituni, kama duriani, hayachumwi mtini. Ni lazima yaive na kuanguka yenyewe, ndipo mtu ayaokote. Mtanzania mwenzangu alisema kwao watoto wasingengoja hata siku moja.

Sasa niyataje mambo ambayo mgeni anaweza kuyafanya huko kwa faida yake na ya wenyeji.

La kwanza ni kutembea taratibu na kutazama. Usiku mmoja wa kulala karibu na hapo unatosha, ili mtu afike asubuhi na mapema kabla ya jua kali na kabla ya makundi ya watalii. Avae nguo za heshima zinazofunika mabega na magoti. Akialikwa hekaluni, ni lazima ajifunge kitambaa kiunoni, na mwanamke aliye katika siku zake haingii. Chini, mbele ya milango, ataona vitega vidogo vya majani vyenye maua na chembe za wali. Hizo ni sadaka za ibada, asizikanyage. Asimpige mtu picha kabla ya kumwomba ruhusa.

La pili ni kumtazama mwandishi wa lontar. Huyu huchukua ukuti uliokaushwa wa mti wa jamii ya mvumo, akachora herufi za Kibali kwa kisu chenye ncha kali. Mchoro hauonekani mpaka aupake masizi ya kokwa za mti uitwao kemiri na kuufuta kwa kitambaa. Hapo herufi hutokea nyeusi kama wino. Kwa njia hiyo watu wa Bali walihifadhi sheria, dawa na tenzi zao kwa mamia ya miaka. Kwangu mimi niliyesomea ualimu, kumwona mzee akiandika juu ya jani bila kukosea lilikuwa somo tosha la siku.

La tatu ni kusikiliza ngoma ya selonding, ikiwa mgeni amebahatika kufika siku ya sherehe. Ala zake ni vipande vya chuma vinavyogongwa kwa nyundo ndogo za mti. Ala za kijiji ni takatifu, na mgeni haruhusiwi kuzigusa. Vilevile vipo vikapu vya ata, mmea unaotambaa kama kamba. Vikisukwa huchemshwa, huanikwa juani, kisha hufukizwa moshi hata vikawa na rangi ya kahawia. Kikapu cha namna hiyo hudumu miaka mingi jikoni.

La nne litawapendeza askari. Kila mwaka, katika mwezi wa tano wa kalenda yao, ambao kwa kawaida huangukia Mei au Juni, wanaume wa Tenganan hupigana wawili wawili kwa majani ya mkadi yenye miba, kila mmoja ameshika ngao iliyosukwa kwa henzirani. Vita hivyo ni ibada ya kumtukuza Indra, mungu wa vita. Wapiganaji huwa vifua wazi, na miba huwakwaruza mgongoni hata damu ikatoka. Mwamuzi husimama kati yao, na kila pambano huchukua muda mfupi tu. Baada yake majeraha hupakwa dawa ya manjano, hulinjani na siki, na wote huketi pamoja wakala sahani moja. Hakuna mshindi wala kinyongo. Sisi hatukufika katika mwezi huo, bali Bli alituonyesha makovu madogo mgongoni mwake. Nikamfikiria mume wangu, ambaye vita vyake havina mwamuzi.

La tano ndilo lililonileta, nalo ndilo lililonifundisha.

Tenganan ni mashuhuri kwa nguo iitwayo geringsing. Nguo nyingi za mapambo hufumwa kwanza ndipo zikatiwa rangi, au hutiwa rangi nyuzi za upande mmoja. Katika geringsing, nyuzi za mtande na nyuzi za mshindio zote mbili hufungwa mafundo na kutiwa rangi kabla ya kufumwa, kwa kipimo kilichokadiriwa ili maua ya mtande yakutane na maua ya mshindio mahali pake barabara. Kazi ya namna hiyo hujulikana katika nchi chache mno duniani, kama vile India na Japani. Nyuzi huloweshwa katika mafuta ya kemiri na maji ya majivu kwa zaidi ya mwezi. Rangi ya buluu hutokana na nili, na nyekundu hutokana na maganda ya mizizi ya mti uitwao mengkudu. Rangi hiyo nyekundu hurudiwa mara nyingi kwa miezi mingi. Nguo moja huweza kuchukua miaka miwili, mitatu, au zaidi.

Jina lenyewe lina maana. Gering ni ugonjwa. Sing ni hapana. Ni nguo ya kumkinga mtu na maradhi na mabaya. Nilikuwa nimeisoma habari hiyo chumbani kwangu Denpasar, na nikaazimia kwamba sitarudi nyumbani bila kipande cha kumpelekea baba watoto. Mkobani nilikuwa na sehemu ya posho niliyoiweka kando kwa ajili ya karo ya muhula.

Tuliingia katika nyumba ya mama mmoja wa makamo. Tukamwita Ibu, yaani mama, kama ilivyo adabu yao. Alikuwa ameketi sakafuni, ukanda wa kufumia umemzunguka kiunoni, akisogeza nyuzi moja moja kwa kitu chenye ncha. Niliona ukutani kitambaa chembamba cha mabegani, chekundu na cheusi na rangi ya maziwa. Nikauliza bei. Bli alipoitafsiri nilipiga hesabu, nikaona inazidi mshahara wangu wa mwezi. Bila kufikiri nikasema kama ninavyosema sokoni kwetu: “Mama anipunguzie nusu.”

Ibu hakujibu. Aliinuka, akaleta fremu yenye nyuzi zilizotandwa, akaniwekea mapajani, akanipa vikamba vya kufungia. Kisha akanionyesha kwa kidole mahali pa kufunga. Nilifunga. Nilikaza macho, nikahesabu nyuzi, nikakosea, nikafungua, nikafunga tena. Baada ya robo saa nilikuwa nimemaliza mafundo manane. Ibu akayatazama, akatabasamu, akayafungua yote manane, akaanza kuyafunga upya yeye mwenyewe.

Niliona haya. Nikaomba radhi. Lakini ile haja ilikuwa bado moyoni, kwa hiyo nikamwambia Bli amwulize kama ni kweli nguo ile humkinga mtu, kwa sababu mume wangu yuko vitani. Ibu aliposikia hayo aliacha kazi yake. Alisema, kama Bli alivyonifasiria, kwamba nguo hulinda, na kwa sababu hiyo wao huivaa katika ibada zao tangu utoto. Lakini yeye akishikwa na homa huenda kwa daktari vilevile. Halafu akaniuliza nina watoto wangapi, na nani anawatunza. Nikamweleza. Akauliza tena kama fedha zile ni zangu au ni za watoto.

Ndugu wasomaji, sikumwambia habari ya karo. Labda mama humjua mama mwenzake. Nilinyamaza, na kunyamaza kwangu kulikuwa jibu. Ibu akakikunja kitambaa, akakirudisha mahali pake, akatuletea chai.

Nilitoka pale mikono mitupu, na sitadanganya kwamba nilifurahi. Nililia kidogo njiani, na yule dada wa Zambia akanishika mkono. Kwa yule mwandishi wa lontar nikanunua ukuti mmoja, naye akachora majina ya watoto wangu watatu na la baba yao. Bei yake haikuharibu karo.

Wiki iliyofuata baba watoto alipiga simu. Nikamsimulia yote. Alinyamaza kidogo, kisha akasema: “Mama watoto, ungeileta nguo, mimi ningeivaa huku nikijua kwamba watoto wamefukuzwa shule. Ingenikinga na nini?” Alirudi salama mwaka uliofuata, namshukuru Mungu. Ule ukuti umetundikwa sebuleni.

Jambo moja zaidi, nimalizie. Mjomba wangu huko upande wa Masaka ni fundi wa lubugo, ile nguo ya magome ya mutuba ambayo ufundi wake UNESCO ilitangaza mwaka 2005 kuwa urithi wa wanadamu wote. Miaka yote nilipomwendea kwa ajili ya misiba ya ukoo nilikuwa namwambia, “Mjomba, punguza.” Mwaka jana nilikwenda, nikauliza bei, nikalipa alichosema. Alinitazama kwa mshangao, akaniuliza kama ninaumwa. Nikamwambia nimefundishwa na mama mmoja wa mbali.

Basi atakayefika Tenganan, na aende na fedha kiasi cha kutosha kikapu au ukuti wa lontar, na aache nyumbani fedha za karo. Akijaliwa uwezo wa kununua geringsing, ailipe bila kuvutana. Na kama hana uwezo huo, aombe kufunga fundo moja tu. Hapo atajua bei yake.