Mzee Hataki Kuba

Mwambie mwanafunzi wa usanifu majengo achore mgahawa wa Mwarabu. Kabla hujamaliza sentensi ameshaweka kuba, madirisha ya upinde na mnazi mmoja kando ya mlango. Ukimwambia mwenye mgahawa ni Mchina, paa linakunjwa ncha. Ni Mhindi? Nakshi kila mahali. Sisi tunaita hiyo kuakisi utamaduni wa mteja, na kwenye juri inapata maksi zake.

Field ya mwaka wa tatu niliifanyia Bariadi, kwenye ofisi ndogo ya kuchora ramani. Kwetu ni Maswa, kwa hiyo angalau suala la chakula na pa kulala halikunisumbua. Kazi ya kwanza niliyokabidhiwa ilikuwa mgahawa wa mzee mmoja Mshihiri. Washihiri, kwa asiyewajua, ni watu wa Hadhramaut, Yemen, na jina lao linatokana na bandari ya Shihr. Pwani yetu iliwajua kwa kahawa na vibarua vya bandarini. Wengine wakaingia bara, wakafungua maduka Usukumani kwenye pesa ya pamba. Baba wa mzee huyu alikuwa mmojawao, na mzee mwenyewe aliletwa akiwa mtoto, kabla ya uhuru.

Nilikuta mchoro wa awali umeshatoka, na kuba yake juu. Mwenye hela ni kijana wa mzee, anafanya kazi Maskati, na kila jioni alikuwa anatuma WhatsApp picha za migahawa ya Dubai. Mimi niliambiwa nipange jiko, vyoo na viti, basi. Nikampelekea mzee karatasi dukani kwake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba." Halafu akanisalimu tena kwa Kisukuma, mwangaluka, ahakikishe kama kweli natoka Maswa. Nilipoitikia vizuri akavuta kiti. Akaikagua ramani kimya kimya, akaweka kidole kwenye kuba.

"Hii ya nini?"

"Mwanao ndiye aliyeomba, mzee."

"Ng'wana wane, mji huu naitwa Mwarabu tangu navaa kaptula. Na jengo nalo liniite?"

Hilo sikuwahi kulisikia kwenye lekcha yoyote. Tunafundishwa kumuuliza mteja ametoka wapi. Hatufundishwi kumuuliza kama anataka kutangazwa. Mtu amezika na kuzikwa pamoja na watu wa hapa, anabishana bei ya pamba kwa Kisukuma, halafu sisi tunampandishia juu ya kichwa bango la zege linalosema huyu si wa hapa. Kijana wake naye simlaumu. Oman, watu waliotokea huku kwetu huitwa Wazanzibari hata kama Unguja hawajawahi kuikanyaga. Kule yeye ndiye wa kuja. Kuba yake nayo ina maumivu yake.

Nikamwomba mzee anisimulie nyumba aliyozaliwa, na hapo ndipo kazi ilipoanza. Kwao ni jirani na Shibam, ule mji wa maghorofa ya udongo ulioingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 1982. Nyingi ya nyumba zake ni za tangu karne ya 16, nyingine zina ghorofa 7, na ni matofali mabichi matupu: udongo, maji na makapi ya majani, yanakaushwa juani. Juu kabisa hupakwa chokaa ili mvua isile ukuta. Na bado maji ni adui; mafuriko ya Oktoba 2008 yaliuumiza mji huo. Mzee alikumbuka kuta nene kiasi kwamba mchana wa jua kali ndani ni kama chini ya mwembe. Kuba hakuitaja hata mara moja.

Sasa udongo ndio lugha ya Usukumani pia. Wakulima wetu wana jina kwa kila aina: luseni ni ule wa kichanga, kikungu ni mwekundu, mbuga ni ule mweusi unaovimba ukinywa maji na kupasuka kiangazi mpaka mguu unazama kwenye ufa. Kiwanja cha mzee nusu ni kikungu, nusu mbuga. Fundi alisema jengo lote lisogezwe kwenye kikungu na mbuga ibaki ua, na alikuwa sahihi kuliko mchoro wetu wa kwanza. Matofali ya kuchoma niliyakwepa, maana Simiyu miti yenyewe iko wapi? Tukachagua matofali ya kufungamana, yale ya udongo na saruji kidogo yanayohamasishwa na Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba na Vifaa vya Ujenzi. Kuta nene, madirisha madogo ya juu, chokaa kwenye ukingo wa juu wa ukuta. Mtu wa Bariadi ataona udongo wa kwao, na mzee ataona wa kwao.

Ubishi mkubwa ulikuwa kukaa. Mzee alitaka watu wale chini kwenye sinia, kama majlisi ya kwao. Mama mpishi akacheka. "Siku ya mnada nani atavua buti hapa?" Tukaishia kwenye baraza la kujengea kuzunguka kuta tatu, kimo sentimita 45, upana wa kutosha mtu kukunja miguu. Mwenye buti anakaa ananing'iniza, mwenye nafasi anavua anapanda. Uani, kwenye ile mbuga, mzee akaonyesha mwenyewe kwa fimbo mahali pa moto wa kahawa, duara, na akapaita shikome, kama tunavyouita moto wa jioni wa wazee wetu.

Nikirudi Dar nilishuka Kisesa nikaione Bujora. Pale padri David Clement, Mkanada, kuanzia miaka ya 1950 alijenga kwa maumbo ya Kisukuma: kanisa la mviringo, hata banda lenye umbo la kiti cha mtemi. Nilipapenda, na makumbusho ina haki ya kusema kwa sauti. Mgahawa ni pa kula. Ukianza kumweleza mteja historia kabla hajanawa mikono, umemchosha.

Kijana aliiachia kuba baada ya simu ndefu na baba yake. Alichoomba ni mlango tu, wenye kufuli la mti kama la kwao, ambalo ufunguo wake ni kijiti chenye meno, unafanana na mswaki. Mzee alilichora kwa kumbukumbu nyuma ya bahasha. Seremala wa Bariadi akalichonga: la kwanza likakwama, la pili likafunguka. Mzee anasema meno ya ufunguo ni mafupi mno. Msingi umeshamwagwa zege, na seremala yuko kwenye la tatu.